Mashine Ikikosea Tusikimbilie Pingu

Ndugu zetu wa jeshi na wa polisi, kosa la kila siku si adui wa kuogofya. Bunduki inayokwama kila inapofyatuliwa hupelekwa kwa fundi asubuhi hiyo hiyo, na hapana anayebishana. Bunduki ya kuogopwa ni ile inayofyatua sawasawa mara tisini na tisa mbele ya mkaguzi, kisha ikakwama mara ya mia moja mkononi mwa askari aliye peke yake zamu ya usiku. Askari huyo akitoa taarifa, aghalabu huulizwa: "Wewe uliifanya nini?"

Leo twataka kusema habari ya chombo cha namna hiyo kisichokuwa na risasi, yaani kompyuta. Siku hizi chombo hiki kimo katika maghala yetu, katika malipo ya mishahara yetu, na katika kumbukumbu za vituo vyetu. Kikiandika kwamba kitu kimepotea, mtu huulizwa. Kwa hiyo yatupasa tujue namna ya kukihoji chenyewe kabla hatujamhoji mtu.

Miaka michache iliyopita tulikuwa Mchesi, ule mtaa wa Lilongwe ujulikanao kwa maduka yake na kwa lugha nyingi zisikikazo humo. Tulikuwa mapumzikoni, tukinunua mchele katika duka la jumla la mzee mmoja wa Kirundi, mara akaingia sajini wa polisi aliyeitwa na mwenye duka. Sajini hakujua Kiswahili, na Chichewa cha yule mzee kilitosha kuhesabu fedha tu. Tukaombwa tusaidie lugha, maana Kiswahili chetu tulikiokota Kivu ya Kaskazini, katika ile brigedi ya Umoja wa Mataifa ambamo askari wa Malawi, tangu mwaka 2013, walitumika bega kwa bega na wenzao wa Tanzania na Afrika Kusini.

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Kompyuta ya duka ilionyesha kwamba magunia 40 ya sukari yalipokelewa, na ghalani yalikuwamo 20. Wiki mbili kabla ya hapo ilionyesha katoni 24 za mafuta ya kupikia, na ghalani zilikuwamo 12. Jumla ya makosa ilikuwa manne katika muda wa miezi miwili. Hati za kupokelea mizigo hazikuwapo. Tangu mzee aliponunua kompyuta aliona makaratasi ni takataka. Aliyekuwa akiingiza hesabu hizo ni binti mmoja wa kaunta. Alipoulizwa alijibu kwamba kila mzigo aliuingiza mara moja tu, na kwamba "mashine huzidisha yenyewe siku nyingine."

Akaitwa kijana aliyeitunga programu ile, mkimbizi wa Kikongo kutoka Dzaleka. Kwa wasiopajua, Dzaleka ipo katika wilaya ya Dowa, kaskazini ya Lilongwe. Zamani palikuwa gereza. Tangu mwaka 1994 ni kambi ya wakimbizi. Ilikusudiwa watu wapatao elfu kumi, na sasa ina zaidi ya elfu hamsini, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Humo humo wamo vijana waliojifunza kutunga programu za kompyuta, na kijana huyu alikuwa mmoja wao.

Kijana akaketi, akaingiza magunia 20, akatazama: 20. Akarudia mara kumi, na mara kumi mashine ikasema kweli. Akainuka, akasema kwa sauti ya chini, "Programu ni nzima, mzee." Hapo macho yote yakamgeukia binti. Nasi tukiri bila kuficha: macho yetu yalikuwamo. Tulisema moyoni kwamba mtu anayesingizia mashine hana la kujitetea.

Sajini ndiye aliyetuaibisha. Hakuonekana kuwa na haraka. Alituambia tumwulize binti: siku zile, kabla hajabonyeza kulikuwa na nini, na baada ya kubonyeza kulikuwa na nini? Binti akafikiri, kisha akajibu: "Siku ya sukari kulikuwa na giza, afande. Umeme ulikatika." Sajini akamwuliza mwenye duka kama anayo jenereta. Anayo. Na petroli yake inaandikwa wapi? Mzee akatoa chini ya kaunta daftari la shule lililochakaa, lenye tarehe na lita. Kumbe makaratasi yote hayakutupwa. Tukalinganisha tarehe: makosa yote manne yaliangukia siku za petroli. Lakini siku za petroli zilikuwa nyingi kuliko makosa, kwa hiyo giza peke yake halikutosha kuwa sababu.

Kijana akanyamaza kitambo. Kisha akasema maneno yaliyokuwa ufunguo wa shauri zima: "Kaa wewe, dada. Fanya kama siku ya kazi, usifanye kama mimi." Akamwomba mzee asimame karibu na waya wa umeme, auchomoe wakati wowote apendao. Mara ya kwanza, hapana kitu. Mara ya pili, hapana kitu. Mara ya tatu mzee alichomoa waya pale pale binti alipobonyeza kitufe cha kukubali. Umeme uliporudi, fomu ilikuwa tupu, haina alama yoyote. Binti akaingiza magunia 20 tena, kama mtu yeyote mwaminifu angefanya. Wakatazama hesabu: 40.

Kasoro ilikuwa imeonekana. Programu ilikuwa ikiweka hesabu akibani papo hapo kitufe kilipobonyezwa, lakini ilichelewa kidogo kumjulisha mbonyezaji kwamba imekwisha kuweka. Umeme ukikatika katika nafasi ile ya kufumba na kufumbua, mashine ilijua jambo ambalo binti hakulijua. Kijana hakuweza kuigundua alipokuwa peke yake, kwa kuwa yeye alikuwa akiingiza polepole, umeme ukiwapo, hapana wateja wanaomwita. Aliijaribu programu katika hali ambayo haitumiki kamwe.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya duka, na kwamba mashine za wakubwa hazizidishi zenyewe. Huzidisha. Mwezi wa Machi 2013, katika uchaguzi mkuu wa Kenya, kura zilizokataliwa zilionekana kuwa zaidi ya laki tatu kwenye ubao wa matokeo, na nchi ikashikwa na wasiwasi. Baadaye tume ya uchaguzi ikaeleza kwamba programu ilikuwa ikizizidisha kura hizo mara 8. Kasoro ile walau ilikuwa kubwa na ya wazi mbele ya macho ya taifa. Iliyo mbaya zaidi ni ile inayojitokeza kisha ikajificha, na mfano wake uliochunguzwa kwa makini kuliko mingine ulitokea Marekani.

Mnamo Machi 21, 1986, katika kituo cha tiba ya saratani mjini Tyler, jimbo la Texas, mhudumu mmoja alikuwa akiitayarisha mashine ya mionzi iliyoitwa Therac-25. Alikuwa mzoefu na vidole vyake vilikuwa vyepesi. Akaandika herufi x, ya eksirei, mahali palipotakiwa herufi e, ya elektroni. Akaliona kosa lake mara moja, akapanda kwa kitufe cha mshale, akasahihisha, akashuka, akaiamuru mashine ianze. Mashine ikasimama, ikaandika kwamba kuna hitilafu namba 54, na kwamba mgonjwa amepata dozi pungufu. Kitabu cha maelekezo hakikueleza namba hiyo ina maana gani. Mashine ile ilikuwa na desturi ya kusimama simama, hivyo akabonyeza herufi P, yaani endelea.

Kumbe chumbani mgonjwa alikuwa amekwisha kupigwa na mionzi mikali mno. Alikuwa akijaribu kuinuka alipopigwa mara ya pili. Siku hiyo vyombo vya kumwona na kumsikia kutoka nje havikuwa vikifanya kazi. Ilikadiriwa baadaye kwamba alipata dozi karibu mara mia moja ya ile aliyoandikiwa, naye akafariki baada ya miezi mitano. Mafundi wa kampuni walikuja, wakaijaribu mashine, hitilafu namba 54 haikutokea. Mashine ikarudishwa kazini Aprili 7. Aprili 11, mhudumu yule yule, mgonjwa mwingine, namba ile ile 54. Mgonjwa huyo alifariki Mei 1.

Aliyelivunja fumbo hilo ni mwanafizikia wa kituo kile, Fritz Hager. Hakuwangoja mafundi. Aliisimamisha mashine, akaketi pamoja na mhudumu, akamwomba akumbuke kila kitufe alichobonyeza na mpango wake. Mhudumu alikumbuka. Wakarudia, wakarudia tena, mpaka wakaweza kuiita hitilafu namba 54 wakati wowote waliotaka. Siri ilikuwa mwendo wa vidole. Mashine ilihitaji kama sekunde 8 kuziweka sumaku zake tayari. Anayesahihisha polepole, sahihisho lake lilipokelewa. Anayesahihisha upesi akamaliza ndani ya sekunde hizo, sahihisho lilionekana kwenye kioo lakini mashine haikulishika lote. Wajaribuji walikuwa wakiandika polepole, kwa uangalifu wa mtu anayejaribu. Mhudumu aliandika kwa wepesi wa mtu anayejua kazi. Hivyo kasoro ilimpata aliye hodari na kumwacha mgeni.

Kati ya mwaka 1985 na 1987 watu 6 katika Marekani na Kanada walipigwa na mionzi kupita kiasi kwa mashine za aina hiyo. Aina iliyotangulia ilikuwa na kasoro kama ile katika programu yake, lakini humo kulikuwa na kizuizi cha chuma na waya. Kasoro ilipojitokeza, fyuzi iliungua tu, na hapana aliyeumia. Katika Therac-25 kizuizi hicho kiliondolewa kwa kuiamini programu. Na baada ya ajali za Tyler, dawa ya kwanza iliyoagizwa na watengenezaji ilikuwa kuking'oa kichwa cha kitufe cha mshale na kukifunika kwa utepe wa mafundi wa umeme. Waliziba kitufe kwa sababu kiini cha kasoro kilikuwa bado hakijaondolewa.

Sasa ndugu zetu wa polisi watusikilize zaidi, kwa maana mfano ufuatao unahusu mashtaka. Kule Uingereza, kuanzia mwaka 1999, ofisi za posta ziliwekewa programu ya hesabu iitwayo Horizon. Baadhi ya wakuu wa posta ndogo ndogo wakaanza kuona fedha zinapungua katika hesabu, wasijue zilikokwenda. Waliposema kwamba mashine ndiyo inayokosea, waliambiwa mashine ni nzima. Kati ya mwaka 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani. Wengine walifungwa, wengine walifilisika, na wapo waliokufa kabla majina yao hayajasafishwa.

Mnamo Oktoba 2015, katika kijiji cha Dalmellington nchini Scotland, mmoja wao alipokea furushi la paundi 8,000 na kuliingiza katika mashine. Kioo kikaganda. Akabonyeza kitufe cha kukubali tena, na tena, kama tufanyavyo sote. Mashine ikamwandikia furushi mara nne: paundi 32,000. Kwa hesabu ya mashine alikuwa na deni la paundi 24,000 ambazo hakuzigusa kamwe. Safari hii kasoro ilitafutwa, na ilipotafutwa ikaonekana kwamba ilikuwa imejitokeza mara zaidi ya mia moja katika miaka mitano, bila ya watengenezaji kuishughulikia. Desemba 2019 mahakama kuu ikaamua kwamba programu ile ilikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu wa uongo, na mwaka 2024 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuzifuta hukumu zile kwa mkupuo.

Nini kilichokosekana muda wote huo? Sheria zilikuwapo, mahakimu walikuwapo, mafundi walikuwapo. Lakini sheria ya nchi ile iliichukulia kompyuta kuwa nzima mpaka ithibitike vinginevyo, na mshtakiwa hakuwa na njia ya kuifungua mashine na kutazama ndani. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Aliyekuwa akiguswa na kasoro ndiye peke yake aliyeijua, naye ndiye aliyekuwa kizimbani.

Wenzetu wa jeshi nao wasidhani wamesalimika. Desemba 5, 2001, karibu na Kandahar katika Afghanistan, ndege ya Marekani iliangusha bomu juu ya kikosi chake chenyewe. Waliuawa askari 3 wa Kimarekani na wapiganaji wa Kiafghani waliokuwa pamoja nao. Hamid Karzai, aliyekuja kuwa rais wa nchi ile, alijeruhiwa kidogo. Mwaka uliofuata iliripotiwa kwamba mwongozaji wa ndege alikuwa amebadilisha betri ya kifaa chake cha kupimia mahali. Kifaa kilipowaka upya, hakikumwonyesha tena mahali pa adui. Kilimwonyesha mahali kilipo chenyewe. Alisoma namba zilizo mbele yake, akazituma. Kifaa hicho hakikuwa kibovu kwa maana ya kawaida. Kilifanya hivyo kila kilipobadilishiwa betri, lakini ni nani abadilishaye betri katika uwanja wa majaribio, katikati ya shabaha, adui akimfyatulia?

Basi kutoka Mchesi hadi Tyler, na kutoka Dalmellington hadi Kandahar, fundisho ni moja. Kosa linalokuja na kuondoka halikosi sababu. Lina masharti yake: saa fulani, mwendo fulani, umeme fulani, mkono fulani. Kutolipata leo si ushahidi kwamba jana halikuwapo; ni ushahidi kwamba leo masharti yake hayakutimia. Na anayeyajua masharti hayo kuliko wote ni yule aliyekuwa ameketi pale lilipotokea, ambaye sisi huwa wa kwanza kumshuku.

Tunajua pingamizi litakalotolewa. Afisa mmoja atasema: "Tukifanya hivyo, kila mwizi atasingizia kompyuta." Twajibu kwamba njia hii haimpendelei mwizi hata kidogo. Anayesema mashine ilikosea hupewa nafasi ya kuonyesha ilivyokosea: siku gani, baada ya nini, mara ngapi. Maneno ya mkweli huzidi kushikamana kadiri unavyoyapima, na maneno ya mwongo hupukutika. Kama tarehe za makosa yale zisingalilingana na daftari la petroli, binti yule angalikuwa na kazi kubwa ya kujieleza. Sajini hakumwonea huruma wala hakumwonea yeye mwenyewe. Alimpima.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu, yasiyohitaji fedha. Kwanza, kando ya kila kompyuta ya ghala, ya mshahara na ya kituo, liwekwe daftari. Mashine ikifanya jambo la ajabu, mhusika aandike papo hapo: tarehe, saa, alichobonyeza, alichokiona, na hali ilivyokuwa. Aandike hata kama jambo lenyewe limekwisha kupotea. Pili, fundi akija kujaribu, asijaribu peke yake. Aketi na aliyepatwa na kosa, naye afanye kama siku ya kazi. Tatu, asiwekwe mtu ndani kwa karatasi ya kompyuta peke yake. Itafutwe hati ya pili isiyotoka katika mashine ile ile: stakabadhi, kitabu cha lango, daftari la mafuta. Chuoni tulipokuwa makadeti tulifundishwa kwamba taarifa ya chanzo kimoja ni fununu mpaka chanzo cha pili kiithibitishe. Kompyuta nayo ni chanzo kimoja.

Nasi makamanda tuna wajibu wetu. Askari wa chini akitujia na kusema, "Afande, hiki kitu mara nyingine kinakataa," tusimjibu kwa ukali utakaomfanya mara ya pili anyamaze. Mwenye kunyamazishwa leo atatuacha tuione kasoro wenyewe, siku ambayo gharama yake si magunia ya sukari.

Duka lile halipo tena Mchesi. Mwaka 2023, Serikali ilipowaagiza wakimbizi waishio mijini warejee Dzaleka, yule mzee alihamishia biashara yake kambini. Binti alikwenda naye, kwa kuwa baada ya siku ile mzee hakutaka mtu mwingine aguse hesabu zake. Kijana aliirekebisha programu: sasa umeme ukikatika na kurudi, kabla ya kumpa fomu tupu humwonyesha binti kitu cha mwisho kilichopokelewa na kumwuliza kama anakitambua. Daftari la petroli bado lipo chini ya kaunta. Tulipopita huko kuwasalimu, mzee alitutolea, akatufungulia kurasa. Pembeni ya safu ya lita alikuwa ameongeza safu ya pili, ya hati za mizigo.